Namna ya kuandaa programu ya melini kwa vijana wa miaka 12 hadi 14

Kijana wa miaka 13 ni mgeni kila mahali. Akikaa na watoto wa darasa la tatu anaona aibu; akisogea kwa kaka zake wa kidato cha nne wanamtuma soda. Nyumbani bado ana pa kujificha: uwanjani, chumbani, kwa rafiki mtaa wa pili. Melini hana. Pande zote ni maji, na usipomwandalia kitu atashinda ameegemea reli peke yake, au atajitafutia mwenyewe la kufanya, na hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi.

Nilifanya kazi kwenye meli kubwa za kitalii, upande wa vijana, na kundi langu lilikuwa hilohilo la miaka 12 hadi 14. Sasa niko nyumbani Mbeya, na likizo ikifika huwa tunawapeleka vijana wa parokia yetu pamoja na wenzao wa mitaa ya jirani Ziwa Nyasa, kutoka Kyela kuelekea Mbamba Bay. Kule nilikotoka kulikuwa na mabwawa ya kuogelea, kumbi za disko na piza usiku wa manane. Huku kuna magunia ya mchele na mikungu ya ndizi. Lakini kijana ni yuleyule, na mengi niliyojifunza kule yanafanya kazi huku bila kuongeza hata shilingi. Nawaandikia walimu, viongozi wa vijana makanisani na misikitini, na wale wajomba na mashangazi wanaopenda kubeba watoto wa ukoo wakati wa likizo.

Watenge na wakubwa, watenge na wadogo

Hili ndilo la kwanza, na ukilikosa hili mengine yote yatapwaya.

Kampuni za meli zimelifanyia kazi kwa muda mrefu. Carnival wana klabu ya miaka 12 hadi 14 na nyingine ya 15 hadi 17. MSC wamegawa hivyohivyo. Disney wana ukumbi wa miaka 11 hadi 14 na mwingine wa 14 hadi 17, kwa hiyo mwenye 14 anachagua mwenyewe anajiona wapi. Zipo pia zinazochanganya wote, kuanzia 13 hadi 17. Mimi sishauri. Mkichanganya, usiku wa kwanza wote wanakuja. Usiku wa pili wale wa kidato cha nne wameshakalia makochi, wameshika spika, na wadogo wanabaki mlangoni. Usiku wa tatu wadogo hawaji kabisa, na hakuna anayeuliza wako wapi.

Kwetu ninachukua darasa la sita, la saba, kidato cha kwanza na cha pili. Wa kidato cha tatu na cha nne wakitaka kuja, waje na kazi: kugawa maji, kuhesabu watu, kusimamia mchezo. Kijana mkubwa mwenye kazi ni msaada, asiye na kazi atawatawala wenzake.

Kuhusu wadogo, hapo utabishana na wazazi. Mama atakuja siku mbili kabla: "Dada, mchukue na mdogo wake basi, hana usumbufu." Kataa kwa heshima, lakini kataa. Usumbufu wa mdogo si wako, ni wa dada yake. Yule msichana wa miaka 13 atamlisha, atampeleka chooni, atamlaza, na wenzake wakikaa kucheza karata yeye atakuwa anatafuta ndala ya mdogo wake. Nyumbani analea kila siku. Hii ndiyo safari yake, mwacheni asafiri.

Idadi isizidi 25. Meli ya abiria tunayoitumia, MV Mbeya II, iliyoanza safari mwaka 2021, inachukua abiria 200 na mizigo tani 200. Ukiingiza vijana 60 humo umewanyang'anya meli wafanyabiashara waliolipa nauli yao. Kwa kila vijana wanane uwe na mtu mzima mmoja, wanawake na wanaume, na mmoja wao awe anajua huduma ya kwanza.

Kabla hamjaondoka

Ratiba za ziwani hubadilika, kwa hiyo ulizia bandarini Kyela wiki moja kabla, kisha ulizia tena siku moja kabla. Uliza meli inatokea Itungi au Kiwira, usije ukashusha watoto kwenye gati tupu. Omba kuonana na nahodha au msaidizi wake, mwambie una vijana wangapi na ungependa kona ipi ya sitaha. Mabaharia wakijua mapema huwa wakarimu sana.

Kuanzia Mei hadi Agosti ziwa lina upepo mkali wa kusini-mashariki, wenyewe huuita mwera, na mawimbi yake si ya mchezo. Likizo ya Juni inaangukia humohumo. Mimi napendelea ya Desemba, na hata hivyo nahodha akisema leo hatuondoki, hatuondoki, tunalala Kyela.

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500. Watoto wetu wanapanda basi dogo, Costa, stendi ya Nane Nane wamevaa masweta mawili, wakifika Kyela wanatoka jasho na mbu wanawasubiri. Waambie wazazi: sweta moja tu la usiku, nguo nyepesi, chandarua, dawa ya kupaka ya mbu, chupa ya maji. Kwa kichefuchefu, chakula chepesi kabla ya kupanda, tangawizi ya kutafuna, na anayejisikia vibaya akae katikati ya meli akitazama mbali, milimani. Anayejulikana kutapika sana kwenye magari, mzazi amuulize mfamasia kabla ya safari.

Viongozi wanawake wawe na mkoba wa pedi, sabuni na chupi mpya. Kabla ya kupanda meli waketi na wasichana peke yao, wawaonyeshe mkoba ulipo, na wawaambie kwamba hakuna atakayeulizwa swali: unaufungua, unachukua, unaondoka. Katika umri huu kuna ambaye itamjia kwa mara ya kwanza humo melini. Nimeona msichana akikaa kwenye kiti kimoja mchana kutwa, anakataa chai, anakataa mchezo, na wenzake wanadhani anaringa. Mkoba ule unaondoa yote hayo.

Zoezi la usalama linatangulia mchezo

Mzazi yeyote wa Tanzania ukimtajia meli, kabla hajauliza nauli moyo wake umeshakwenda kwa MV Bukoba ya Mei 1996, au MV Nyerere ya Septemba 2018 pale Ukara. Usimwambie aache woga. Mwonyeshe utafanya nini.

Kwenye meli kubwa hakuna klabu inayofunguliwa kabla ya zoezi la dharura. Costa Concordia ilipopinduka Italia Januari 2012 na watu 32 kufa, walikuwemo abiria waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo na hawajafanya zoezi. Tangu 2015 sheria za kimataifa zinataka zoezi lifanyike kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Nasi tufanye hivyo. Muombe baharia awaonyeshe vijana jaketi okozi zilipo, na kila mmoja avae, afunge mwenyewe, avue, arudishe. Kila mmoja, hata yule anayesema anajua. Chagueni sehemu moja ya kukutania king'ora kikilia, mwende hapo mkiwa mnatembea, mhesabiane. Ndipo mwambie kila mmoja namba yake. Kuhesabu kwa namba ni haraka kuliko kuita majina, na wanaipenda: siku ya pili utawasikia wenyewe, "Kumi na saba yuko wapi?"

Saa ya kwanza

Kwenye meli za kitalii kuna mkutano wa vijana usiku wa kwanza kabisa, na sisi wafanyakazi tulikuwa tunajua: anayehudhuria huo ana marafiki safari nzima, anayeukosa anahangaika. Vikundi vikishajifunga, kuingia ni kazi. Kwa hiyo nguvu zako zote ziweke kwenye saa ya kwanza baada ya meli kuondoka. Usiwape hotuba. Usiwasimamishe mmojammoja waseme jina na shule. Kwa kijana wa rika hili hiyo ni adhabu.

Mchezo wangu ni wa methali. Naandika methali kwenye karatasi ngumu, nazikata katikati, nazichanganya kapuni. Mmoja anapata "Mgeni njoo", mwingine "mwenyeji apone". Mmoja "Mchumia juani", mwenzake "hulia kivulini". Kila mtu amtafute wa kwake. Anayetafuta mwenye karatasi haombi urafiki, kwa hiyo hata mwenye haya ana sababu ya kumsogelea mtu.

Msichana mmoja wa Makete, ambaye tangu Uyole hakuwa amefungua mdomo, alipata "Bandu bandu". Hakuzunguka. Alisimama karibu na ngazi, karatasi ameishika usawa wa kidevu, macho chini. Mvulana mmoja wa mtaa wa Soweto, Mbeya, mwenye kelele za kutosha sitaha nzima, alipita mbele yake mara mbili akipaza sauti, "Huisha gogo! Nani wa gogo?" Mara ya tatu akasimama, akasoma ya kwake, akasoma ya msichana, akanyamaza. Kisha akakaa chini palepale kwenye bati, na msichana naye akakaa.

Wakishapatana, kila jozi ina dakika 10 kutafuta mambo matatu wanayofanana na moja wanalotofautiana. Halafu mnakaa duara, na kila mmoja anamtambulisha mwenzake, hajitambulishi mwenyewe. Yule mvulana alisimama akasema, "Huyu anajua kukamua ng'ombe, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona ziwa." Alilisema kwa heshima kabisa, kama anamtambulisha mgeni rasmi, na watu wakampigia makofi. Ndugu zangu, hapo kazi nusu imeisha.

Baada ya hapo gawa vikundi vya watano watano, ukichanganya shule na mitaa, ukiwatenganisha kwa makusudi wale waliokuja wameshikana mikono. Watakasirika hadi jioni tu.

Waache waje wenyewe

Kwenye klabu za watoto wadogo melini mzazi anatia saini ya kumleta na ya kumchukua. Za vijana si hivyo: kijana anaingia na kutoka atakavyo. Wazazi wengi wa kwetu nikiwasimulia hili wanashtuka, lakini ndiyo siri ya programu ile. Kijana wa umri huu ni kama paka, ukimwita anakimbia, ukimwacha anakuja mwenyewe kukaa miguuni pako. Ukimwambia "mchezo ni lazima", atakuja na uso umevimba na atauharibu.

Uhuru huo unasimama juu ya mipaka iliyo wazi, tena michache ili isisahaulike. Wetu wanatembea watatu watatu, kokote, hata chooni. Hakuna kupanda wala kukalia reli, hakuna kuingia chumba cha injini au kwa nahodha bila kualikwa. Wavulana hawaendi walikolala wasichana, wala wasichana kwa wavulana. Na kwa watu wazima: hakuna kiongozi anayekaa na kijana mmoja mahali palipofichika, hata kwa maombi, hata kwa ushauri. Mazungumzo ya siri yanafanyika mahali ambapo kila mtu anawaona na hakuna anayewasikia. Meli kubwa nyingi zinawataka wenye miaka 17 kushuka chini wasizurure bila mlezi baada ya saa saba usiku. Kwangu ni saa nne.

Simu siwanyang'anyi. Mtandao ziwani unapotea wenyewe. Nina kikapu tu cha kuziweka tukiwa barazani, na ya kwangu inaingia ya kwanza.

Mchana wafanye nini

Mpira sahau, utaishia ziwani. Drafti ya vizibo vya soda, bao, karata, kusuka nywele, kuchora. Weka vitu hivyo wazi kwenye kona yenu, kaa hapo mwenyewe, anza kucheza na yeyote. Watasogea.

Kitu kimoja kutoka meli kubwa nimekihamisha na kimekubali vizuri sana. Kule tulikuwa na mashindano ya kuwinda vitu: vikundi vinakimbizana ghorofa hadi ghorofa kutafuta vitu vilivyo kwenye orodha. Huku hakuna ghorofa za kukimbilia, na abiria wamechoka, kwa hiyo vijana wangu wanawinda habari. Kila kikundi kinapewa karatasi. Tafuteni abiria anayeshuka Lupingu na mumuulize nyumbani kwake ni umbali gani kutoka gatini. Tafuteni mtu aliyenunua vyungu vya Wakisi, vile vinavyouzwa Lyulilo karibu na Matema, awaeleze anavifungaje visivunjike. Jifunzeni salamu kutoka kwa Mmanda, Mpangwa na Mnyasa. Muulizeni baharia ziwa lina kina gani hapo tulipo; sehemu yenye kina kirefu kabisa inafika karibu mita 700. Sharti ni shikamoo kwanza, kujitambulisha, kuomba ruhusa, na kushukuru. Akikataa, hakuna kumsumbua.

Uzuri wake hauonekani kwenye karatasi. Vijana wakishakaa nusu saa na bibi anayesafirisha mchele wa Kyela, meli nzima inakuwa inawalinda. Ukimtafuta mtu, abiria wenyewe wanakwambia, "Wale wako watatu wako kule nyuma, wanakula karanga."

Baraza la usiku

Jioni anza na vitendawili, maana kila mtu anavijua. Kitendawili! Tega! Asiyejua anatoa mji, na kwetu sharti uwe mji wa Nyanda za Juu Kusini: nakupa Tukuyu, nakupa Mafinga, nakupa Njombe. Mwenye kitendawili anaukubali au anaukataa mpaka apewe anaoutaka, na aliyepewa mji lazima autawale kwa kutunga sheria moja. Hapo utacheka hadi machozi.

Kisha lete jambo zito kidogo. Watu wazima tunawadharau vijana wa miaka 13. Wanapenda sana kuamua mambo magumu, hawaulizwi tu. Mimi huwapa kisa cha Liuli, bandari iliyoko mbele ya safari yetu, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx, kwa ajili ya jabali lake linalofanana na sanamu ile ya Misri. Mwaka 1914 ziwa hili lilikuwa na meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, nahodha wake Berndt, na ya Waingereza, Gwendolen, nahodha wake Rhoades. Manahodha hawa wawili walikuwa marafiki, wakikutana wanakunywa pamoja. Agosti mwaka huo vita vikaanza Ulaya. Rhoades akapata habari na amri. Berndt alikuwa hajajua kitu, meli yake iko nchi kavu inatengenezwa. Gwendolen ikafika, ikaipiga mizinga. Berndt akapanda mtumbwi kwa hasira, akamfuata rafiki yake kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Swali ni moja: Rhoades alipaswa kufanya nini? Kikundi kimoja kinamtetea, kimoja kinamshtaki, kimoja ni wazee wa baraza. Hakuna kukatizana, anayesema anashika fimbo. Nimesikia humo maneno ambayo shuleni hayasemwi. Mmoja aliuliza kwa nini hawazungumzii watu weusi waliokuwa kwenye meli zote mbili, ambao vita havikuwa vyao. Kiongozi kaa kimya. Usifunge mjadala kwa jibu lako.

Siku inayofuata baraza liwe lao. Wapige kura mchana, wachague wanachotaka: nyimbo, maigizo, maonyesho ya mavazi ya vitenge vilivyoazimwa. Hata ratiba yako nzuri uliyoiandika kwa kalamu mbili, wakiwa na la kwao, iweke mfukoni. Watumishi bora niliofanya nao kazi kwenye meli za nje ndivyo walivyokuwa.

Kama mtoto wako anapanda meli ya kitalii yenyewe

Wapo wenye ndugu nje wanaowaalika watoto. Mwandikishe kwenye klabu ya vijana siku ya kupanda. Kwa kawaida imo kwenye nauli. Mhimize ahudhurie usiku wa kwanza hata akigoma, siku nyingine mwachie uamuzi. Mwambie mapema kwamba haruhusiwi kuingia chumba cha rafiki aliyempata juzi, na mpangiane saa ya kuonana kila siku, mathalani chakula cha jioni. Kiingereza chake kisimtie hofu: kwenye makundi yale wamo Waitaliano, Wabrazili na Wajerumani, na mezani kwenye karata wote wanaelewana.

Kuwarudisha

Hesabuni kabla ya kushuka, hesabuni gatini, hesabuni ndani ya Costa. Hakuna kuogelea dakika za mwisho, wengi wa watoto wetu wa milimani hawajui maji. Mkifika Nane Nane, usimruhusu hata mmoja apande bodaboda eti kwao ni karibu. Kila kijana anakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu yake, na mtu huyo anatia saini. Mzazi akichelewa, kiongozi mwanamke na mwenzake mmoja wanabaki na mtoto hapo stendi hadi afike, hata kama ni saa tano usiku.